Saa ya Maji: Mafunzo ya Michezo ya Bahari Katika Pwani ya Mashariki ya Unguja

Pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, kuanzia Matemwe na Kiwengwa upande wa kaskazini hadi Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi upande wa kusini, ni mahali ambapo nchi kavu na bahari hazina mpaka mmoja unaodumu kutwa nzima. Mwamba mrefu wa matumbawe, yaani ukuta uliojengwa kwa karne nyingi na viumbe wadogo ambao miili yao hutoa chokaa, umesimama mbali na ufuo na huyavunja mawimbi ya Bahari ya Hindi kabla hayajafika mchangani. Na kati ya mwamba huo na ufuo kuna eneo pana la maji ya kina kifupi ambalo hufunikwa na kufunuliwa mara mbili kila siku. Ni katika eneo hilo ambamo msafiri aliyetoka Ulaya, Nairobi au Dodoma hujifunza kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, hupiga kasia, hupanda ngalawa na hutazama samaki, na ni humo humo ambamo wanawake wa vijiji hulima mwani na kuchokoa pweza, nao wavuvi hupitisha vyombo vyao wakienda na kurudi.

Makala haya yanatokana na kumbukumbu za mwandishi aliyewahi kuishi katika kimojawapo cha vijiji hivyo na kufanya kazi ya kuwasindikiza wageni majini. Kumbukumbu hizo zinapowekwa pamoja zinaelekea kwenye hoja moja, kwamba sehemu kubwa ya mashaka, hasara na ugomvi ulioonekana ufuoni ilitokana na watu wenye vifaa vizuri na ujasiri wa kutosha, ambao hata hivyo hawakuijua saa ya maji au waliijua wakaipuuza. Kwa saa ya maji hapa kunakusudiwa ratiba ambayo mwezi, upepo, viumbe wa baharini na wakazi wa pwani wamekuwa wakiifuata tangu kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa, na ambayo mgeni huikuta imekwisha kupangwa.

Mwezi na maji

Bahari hujaa na kupwa kwa sababu ya mvuto wa mwezi na wa jua, na katika pwani ya Afrika Mashariki hufanya hivyo mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo saa ya kujaa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mivuto hiyo miwili hufuata mstari mmoja, na maji hupanda sana na kushuka sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua, na tofauti kati ya kujaa kwake na kupwa kwake huweza kufika mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupunguzana nguvu, bahari haipandi sana wala haishuki sana, na siku hizo huitwa siku za maji mafu. Wazee wa pwani hawahitaji jedwali lililochapishwa ili kulijua jambo hili, kwa kuwa kalenda ya Kiislamu wanayoifuata katika ibada huhesabiwa kwa mwezi, na mtu anayejua kwamba leo ni tarehe 16 Mfungo Tatu amekwisha kujua kwamba bahari iko katika bamvua na kwamba wiki moja baadaye itakuwa imepoa.

Jambo ambalo wageni huchelewa kulitambua ni kwamba saa ya bamvua haibahatishwi. Kwa kuwa bamvua hufungamana na jua na mwezi kwa pamoja, maji ya bamvua katika Unguja hukauka kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi na hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja alasiri, mwezi baada ya mwezi; na katika siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka, maji makubwa yakawa ya asubuhi. Msafiri anayeamka taratibu, akanywa chai bila haraka na kutoka saa nne akitarajia kuogelea, hukuta maji yamekwenda hadi karibu na mwamba na yamemwachia mchanga, majani ya baharini na vidimbwi. Mwandishi anawakumbuka wageni waliofika mapokezi wakidai kwamba picha zilizowavutia zilikuwa za uongo, na wengine wakataka warudishiwe fedha zao, huku mhudumu akiwa hana la kuwaambia ila kuwaomba wangoje hadi alasiri. Picha zile hazikuwa za uongo, kwani zilipigwa maji yakiwa yamejaa, na hakuna aliyeona haja ya kuandika saa chini yake.

Maji kupwa si upungufu wa pwani hii, kwa sababu saa hizo zina shughuli zake ambazo haziwezekani wakati mwingine. Anayetoka kwa miguu pamoja na mwenyeji huona viti vya pweza, yaani viumbe wekundu au wa kahawia wenye mikono mitano, majongoo bahari, kaa na samaki wachanga waliobaki vidimbwini, na huelewa kwamba sakafu ya bahari ni makazi yenye wenyewe. Anahitaji viatu vya mpira, kwa kuwa mashimo ya mwamba hukaliwa na viumbe wenye miiba myeusi mirefu inayokatikia ndani ya nyayo, na anahitaji pia kuizuia mikono yake, kwa kuwa kiti cha pweza anayetolewa majini na kushikwa muda mrefu kwa ajili ya picha huweza kufa baada ya mpiga picha kuondoka. Yule asiyetaka kufungwa na saa hizi na anayetaka kuogelea wakati wowote anaweza kwenda Nungwi au Kendwa katika ncha ya kaskazini, ambako kina huongezeka karibu na ufuo na maji hayaendi mbali.

Hatari ya matembezi haya imo katika kurudi. Nahodha mmoja mzee, aliyekuwa akiwapeleka wageni hadi mwambani, alikuwa na desturi ya kugeuza uso kuelekea nchi kavu kila baada ya muda mfupi, na alipoulizwa sababu alijibu, “Mwanangu, maji hayakufuati kwa mbele tu. Yanaanza kwa kujaza nyuma yako.” Maelezo yake yalikuwa sahihi, kwani sakafu ya eneo hili si tambarare, na maji yanapoanza kujaa huingia kwanza kwenye mifereji iliyo kati ya mwamba na ufuo, hivyo mtu aliyesimama mahali palipoinuka huku akifurahia mawimbi ya mbele huweza kujikuta amezungukwa. Mgeni aliyelipokea neno hilo alirudi akiwa amelowa magoti, na aliyelidharau alirudi akiogelea dhidi ya mkondo, ikiwa alijua kuogelea.

Upepo na tiara

Ratiba ya pili ni ya upepo. Pwani hii ina pepo mbili kuu za msimu: kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini mashariki kati ya Desemba na Machi hivi, na kusi, unaovuma kutoka kusini na kusini mashariki kuanzia takribani Aprili hadi Septemba na ambao kwa kawaida ndio wenye nguvu zaidi. Kati yake kuna vipindi vya mpito ambavyo upepo hulegea au huvuma kutoka mashariki, nao huitwa matlai. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliteremka kwa kaskazi na kurudi makwao kwa kusi, na miezi ya kungoja pepo zigeuke ilikuwa ni miezi ya biashara, ndoa na urafiki ambayo ilichangia kuijenga jamii ya Waswahili kama inavyojulikana. Mgeni wa leo anayepanga likizo yake kwa kufuata pepo hizo hizo ili acheze na tiara anafuata utaratibu mkongwe bila kujua.

Mchezo wa tiara wenyewe ni mgeni. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya tiara yenye mishipa inayojazwa hewa mwaka 1984, na sifa iliyoifanya ifae baharini ni kwamba ikianguka majini huelea na huweza kurushwa tena. Mchezaji hufunga mkanda mpana kiunoni, akaunganishwa na tiara kwa kamba nyembamba zenye urefu unaoweza kuzidi mita 20, akasimama juu ya ubao mfupi na kuielekeza tiara kwa ufito anaoushika mikononi. Paje imepata jina katika mchezo huu kwa sababu ya umbo lake: ufuo unatazama mashariki, kwa hiyo kusi na kaskazi zote mbili huvuma kwa mshazari kuelekea nchi kavu, na mtu aliyeshindwa husukumwa ufuoni badala ya kupelekwa baharini; sakafu ni ya mchanga na kina ni kifupi kwa muda mrefu, kwa hiyo mwanafunzi huweza kusimama na kuanza upya; na mwamba wa mbali huyapunguza mawimbi makubwa. Upande wa magharibi wa kisiwa, upepo ule ule wa kusi huweza kumtoa mtu nje, na hapo mchezo unaoonekana kuwa ni mmoja hugeuka kuwa jambo lingine kabisa.

Mafunzo yaliyopatikana katika kuwatazama wanafunzi wa tiara ni kwamba aliyefanikiwa haraka alikuwa ni yule aliyekaa ufuoni akitazama kabla ya kuingia. Alitazama upepo unavyopiga minazi, akaona ni wapi unakatwa na majengo, akaona maji yako katika hatua gani na wapi mashamba ya mwani yameanzia. Aliyeharakisha alishughulika na misuli yake, ingawa tiara haishindwi kwa misuli: upepo ukizidi, dawa ni tiara ndogo zaidi au kuacha kabisa, na aliye mzito hapati kinga yoyote kwa uzito wake. Walimu wazuri walikataa kumrusha mtu siku ambayo upepo ulikuja kwa vishindo, yaani kwa kupanda na kushuka ghafla mbele ya mawingu ya mvua, hata mwanafunzi alipokuwa amekwisha kulipa na kesho yake ana ndege.

Ngalawa hufundisha somo hilo hilo kwa lugha ya kale. Chombo hiki ni gogo lililochongwa, lenye mbao mbili zinazoelea ubavuni huku na huku ili kisipinduke, na tanga moja la pembe tatu. Mvuvi hutoka alfajiri kwa upepo mwembamba wa nchi kavu uitwao umande, na hurudi mchana upepo wa bahari unapoamka, kwa hiyo safari yake huenda na pumzi ya siku. Mgeni anayeomba kwenda nje ya mwamba alasiri, upepo ukimjia usoni, huomba chombo kibishe, yaani kisafiri kwa kona za kushoto na kulia dhidi ya upepo, na safari ambayo ingekuwa fupi asubuhi huwa ndefu, yenye maji mengi ndani ya chombo na yenye kuchosha. Mabaharia husema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na katika ngalawa msemo huo husadikika upesi, kwani aliyeanza safari akiwa amesimama kwa mbwembwe huimaliza akiwa ameketi chini akikumba maji.

Chini ya maji

Kutazama mwamba kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuelea juu ya maji kwa miwani ya kuzamia na bomba fupi la kupumulia, na ya pili ni kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, njia iliyowezekana kwa watu wengi baada ya Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan kuunda kifaa chao cha kudhibiti hewa mwaka 1943. Njia hizi zinatofautiana katika uhusiano wake na shinikizo. Juu ya maji mwili hubeba uzito wa hewa tu. Kwa kila mita 10 za kushuka, maji huongeza shinikizo linalolingana na la hewa hiyo, kwa hiyo katika mita 10 shinikizo huwa maradufu na katika mita 20 huwa mara tatu. Hewa inayovutwa huko chini imebanwa kwa kiasi hicho, na mzamiaji anayepanda huku ameizuia pumzi hujikuta hewa inatanuka ndani ya mapafu yake na kuyajeruhi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mbizi ni kutozuia pumzi kamwe, na kanuni ya pili ni kupanda polepole, na kwa kawaida kutua kwa dakika 3 katika kina cha mita 5, ili gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke bila kuwa mapovu ndani ya damu. Kwa sababu hiyo hiyo mzamiaji hushauriwa asipande ndege mpaka zipite saa 18 au zaidi, shauri ambalo wasafiri wenye ratiba fupi hulipokea kwa uzito mkubwa zaidi kuliko mengine yote, maana linagusa tiketi.

Kisiwa kidogo cha Chumbe, kilichoko kusini mwa Mji wa Zanzibar, ni mfano wa namna muda unavyoweza kuhifadhi mwamba. Eneo lake la bahari lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, uvuvi ukakomeshwa, na baadhi ya wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi na waelekezaji. Kisiwa kina mnara wa taa wa mwaka 1904 na vibanda 7 tu vya wageni, na kupiga mbizi kwa mitungi hakuruhusiwi kwa burudani. Wageni huelea juu na kutazama. Anayetoka Chumbe na kwenda katika mwamba unaotembelewa na mashua nyingi kwa wakati mmoja, kama ilivyo mara kwa mara karibu na kisiwa cha Mnemba, huiona tofauti bila kuambiwa: mapezi ya miguuni yanayokanyaga matumbawe, nanga zinazotupwa ovyo, na watu wanaosimama juu ya kiumbe kilichotumia miaka mingi kukua urefu wa kiganja. Mwamba wa pwani hii umekwisha kupata pigo la joto, hasa mwaka 1998, maji yalipopata joto kupita kawaida na matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi yakapauka, yaani yakapoteza vijimea vya rangi vinavyoyalisha, na mengi yakafa. Joto hilo halikuletwa na mtalii mmoja, lakini tumbawe lililodhoofishwa na joto halina nguvu ya kustahimili mguu.

Hifadhi za namna hii zina historia ndefu katika kanda. Kenya ilitenga Malindi na Watamu mwaka 1968, na Tanzania Bara ikaianzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, ambako wageni huenda hasa kati ya Oktoba na Februari kuogelea karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayekula viumbe wadogo mno wanaoelea majini. Hapo pia kinachotangulia ni msimu, na mgeni anayefika Julai akimtaka papa potwe anamtaka asiyekuwepo, ingawa katika miezi hiyo anaweza kumwona nyangumi akipita na mtoto wake kuelekea kusini au kaskazini.

Pomboo wa Kizimkazi

Kizimkazi, kijiji cha kusini chenye msikiti ambao maandishi yake ya Kikufi hutaja mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, kinajulikana kwa wasafiri kwa sababu ya pomboo. Hadi miaka ya 1990 baadhi ya wavuvi waliwaua wanyama hawa ili wawatumie kama chambo cha papa. Utalii ulipofika, pomboo aliye hai akawa na thamani kuliko aliyekufa, na mauaji hayo yakakoma. Mabadiliko hayo ni miongoni mwa mambo mema yanayoweza kutajwa kwa haki kuhusu utalii wa bahari.

Hata hivyo kumbukumbu za asubuhi za Kizimkazi zina upande wa pili. Mashua hukusanyika mapema, injini hunguruma, kundi la pomboo likionekana manahodha hukimbilia mbele yake, na wageni huambiwa waruke majini wakiwa na miwani usoni. Pomboo huzama na kuibukia mbali, mashua hugeuka, na mchezo hurudiwa. Watafiti waliochunguza tabia za wanyama hawa wameonyesha kwamba mbele ya mashua za utalii hupunguza muda wao wa kupumzika na wa kutafuta chakula, na ukumbukwe ukweli kwamba pomboo ni mnyama anayevuta hewa na anayenyonyesha, hivyo muda wa kutulia ni sehemu ya afya yake na ya mtoto wake. Nahodha aliyezima injini akiwa mbali, akaiacha mashua ielee, mara nyingi alijaliwa kundi lijongee lenyewe kwa udadisi, na wageni wake walikaa nalo kuliko waliolifukuza. Tatizo ni kwamba nahodha huyo huonekana mvivu machoni pa mgeni aliyeahidiwa kuogelea na pomboo, na hupata bahashishi ndogo kuliko mwenzake mwenye mbio. Kwa hiyo kinachopaswa kubadilika kwanza ni ile ahadi inayotolewa mezani siku moja kabla.

Shamba lililo baharini

Kilimo cha mwani kilianza kwa biashara Unguja mwaka 1989 katika pwani hii ya mashariki, na kwa muda mfupi kikawa kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa. Vigingi hukitwa mchangani, kamba huvutwa kati yake, na vipande vya mwani hufungwa mmoja mmoja; baada ya takribani wiki 6 huvunwa, hukaushwa na kuuzwa nje, ambako hutolewa karajinani, kitu kinachotumika kuyafanya maziwa ya viwandani, vyakula vingine na dawa ya meno viwe vizito. Aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, iitwayo kotonii, imekuwa ikifa kadiri maji ya kina kifupi yanavyopata joto, na wakulima wengi wamebaki na aina ya spinosamu ambayo bei yake ni ndogo.

Kazi hii hufanyika maji yakiwa yamekupwa, hasa katika siku za bamvua, yaani saa zile zile za asubuhi ambazo mgeni huziona kuwa ni saa zilizoharibika. Mchana maji yanapopanda, shamba hufunikwa, kamba na vigingi havionekani, na mtu mwenye tiara hupita juu yake akidhani yuko mahali wazi. Ubao wake hukata kamba, au yeye mwenyewe huanguka na kujeruhiwa na kigingi, na kila upande huona umedhulumiwa na mwingine. Katika mazungumzo mengi yaliyosikika ufuoni, wanawake hawakulalamikia mchezo wenyewe. Walilalamika kwamba hakuna aliyekuja kuwauliza. Mwanafunzi mmoja wa tiara alipopelekwa na mwalimu wake shambani asubuhi, akaamkia “Shikamoo bibi”, akaitikiwa “Marahaba”, akaonyeshwa mstari wa mwisho wa vigingi, alitoka hapo akijua mpaka ambao hakuna boya lililokuwa limeuonyesha. Shule chache zilizofanya ziara hiyo kuwa sehemu ya somo la kwanza zilikuwa na ugomvi mdogo kuliko zile zilizotegemea vibao.

Heshima ya mahali inahusu pia mavazi na picha. Ufuo ni njia ya kijiji: watoto huupita wakienda madrasa, wazee wakienda msikitini, na mama wakirudi na mizigo ya mwani kichwani. Mavazi ya kuogelea yanafaa majini na mbele ya hoteli, na kitambaa kimoja cha kanga kinatosha kumvusha mgeni hadi dukani bila kumkwaza mtu. Picha ya mwanamke aliyeinama kazini huombwa kabla ya kupigwa, kama inavyoombwa kokote mtu awapo kazini kwake.

Usalama na wasiojua kuogelea

Kuna ukweli unaowashangaza wageni, kwamba wakazi wengi wa pwani, hasa wanawake, hawakufundishwa kuogelea ingawa wanaishi hatua chache kutoka majini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaa abiria kupita kiasi, na mamia ya watu walipoteza maisha. Wavuvi na wapiga mbizi wa kaskazini ya Unguja walikuwa miongoni mwa waliotoka kuokoa. Msiba huo uliwakumbusha wengi kwamba ujuzi wa kuelea na kupumua majini, ambao mgeni huuchukulia kuwa burudani, kwa mkazi ni kinga ya uhai. Nungwi kumekuwa na juhudi za kuwafundisha watoto kuogelea, wasichana wakiwa katika mavazi yanayositiri mwili, na juhudi za aina hiyo zinastahili kuwekwa katika hesabu ya kila biashara inayopata kipato baharini.

Kwa msafiri, kanuni za usalama ni chache na zinajulikana, lakini hukiukwa kwa sababu ya haraka. Jaketi la kujiokolea huvaliwa kabla chombo hakijaondoka, halikaliwi kama mto. Aliyeshikwa na mkondo unaotoka katika mlango wa mwamba, yaani pengo ambalo maji yote ya ndani hukimbilia yanapokupwa, haogelei moja kwa moja dhidi yake. Huogelea kwa kuukata ubavuni hadi atoke ndani yake, ndipo arudi. Jua la ikweta huunguza mgongo wa anayeelea bila yeye kuhisi, kwa kuwa maji humpoza, na shati la mikono mirefu humkinga vizuri kuliko mafuta, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazoshukiwa kudhuru matumbawe kiasi kwamba nchi ya Palau iliyapiga marufuku mafuta yenye kemikali hizo mwaka 2020.

Nani analipwa kwa kuijua saa

Mpangilio wa malipo katika michezo hii unastahili kutazamwa kwa makini. Msafiri hununua safari kwa wakala, katika hoteli, au kwa papasi, kama wanavyoitwa vijana wanaowafuata wageni ufuoni na kuwauzia matembezi. Kila mmoja huchukua sehemu yake, na nahodha, ambaye ndiye anayejua maji yamefika wapi na upepo utageuka lini, hupata kilichobaki baada ya kutoa mafuta ya injini. Katika hali hiyo ana sababu ndogo ya kukataa safari siku mbaya, kwa kuwa anayekataa hapati kitu na nafasi yake huchukuliwa na mwingine kabla jua halijapanda. Papasi naye husingiziwa mengi, lakini ni kijana wa kijiji hicho hicho aliyejifunza lugha kadhaa kwa kusikiliza, na angeweza kuwa mwelekezaji mzuri kama angelipwa kwa alichokijua badala ya idadi ya watu aliowaleta.

Kutokana na hayo, mafunzo ya kumbukumbu hizi yanawahusu wenye biashara kuliko msafiri anayepita. Msafiri anaweza kujifunza kuuliza mambo matatu kabla ya kulipa: maji yatajaa saa ngapi, upepo unatoka wapi, na ni nani mwingine anayelitumia eneo hilo kwa saa hiyo. Hoteli inaweza kubandika ukutani jedwali la maji pamoja na tarehe ya mwezi, na ikaacha kuuza kuogelea saa nne asubuhi katika siku za bamvua. Shehia, ambayo ni ngazi ya chini ya utawala wa Zanzibar, inaweza kuwaketisha wakulima wa mwani, walimu wa tiara na manahodha kila msimu unapobadilika ili waonyeshane mipaka. Na bei ya safari inaweza kupangwa ili nahodha aliyesema “leo hapana” alipwe angalau sehemu ya siku yake, kwa sababu neno hilo ndilo huduma ya thamani zaidi anayoweza kumpa mgeni, na kwa sasa ndiyo pekee asiyolipwa.